Kinga ya Selile

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine. Semina ikifanyika katika hoteli mojawapo ya ufukweni hapa Gisenyi, na mgeni akawa anaongea Kifaransa au Kiingereza, mimi huketi kando yake na kipaza sauti changu, na kila anachosema ninakitoa upande wa pili kikiwa Kiswahili. Nimetafsiri mbolea, nimetafsiri vyama vya ushirika, nimetafsiri haki za wanawake wanaovuka mpaka na mabeseni kichwani, na siku moja nilitafsiri ugomvi wa mtu na mkewe ambao haukuwa kwenye ratiba. Sitajifanya mnyenyekevu: kazi hii ninaijua. Nilizaliwa Goma, nikakulia Gisenyi baada ya familia kurudi, nikasomea Dar es Salaam, kwa hiyo nina Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha shule, na ninajua kipi kivaliwe wapi. Angalau ndivyo nilivyokuwa najiambia.

Mama yangu haamini kwamba hiyo ni kazi. Yeye anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, na kwake kazi ni kitu kinachoacha harufu mikononi. Wateja wakimuuliza binti yake anafanya nini, hujibu kwa sauti ya kupoa, kama anayetoa habari za mgonjwa, kwamba binti iko anarudilia maneno ya batu. Nimemweleza mara nyingi kwamba kurudilia na kutafsiri ni vitu viwili. Ananitazama, anaongeza konzi ya sambaza kwenye mfuko wa mteja, na soko linaendelea.

Kaka yangu yeye alibaki Dar es Salaam akaoa huko. Mwaka juzi Mama alikwenda kumwona mjukuu wake, msichana ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukimbia. Alikuta mtaa mzima unaongelea dengi. Jirani mmoja mzee, mtu wa pwani hasa, hakusema dengi, alisema kidingapopo, jina la zamani, na katika neno lile refu Mama akashika popo tu. Basi kila jua likizama alifunga madirisha ili popo wasiingie, na mchana akayaacha wazi apate hewa, maana joto la Dar lilikuwa linamuua. Mbu wa dengi huuma mchana. Popo hakuna aliyemwona.

Homa ilimkamata sawasawa. Kichwa kilimuuma nyuma ya macho, mifupa ikawa inasagwa, mwili ukatoka vipele, akalala kitandani akiomba arudishwe kwenye baridi yake. Alipona, akarudi Gisenyi kitenge kinamzunguka mara mbili, na kwa miezi kadhaa aliwasimulia wauza samaki wenzake habari za ugonjwa huo kwa fahari, kwani hakuna mwingine aliyewahi kuupata. Huku kwetu dengi si jambo la kila siku. Malaria tunaijua kama ndugu wa ukoo, lakini dengi huja na wasafiri, na baridi ya volkano na upepo wa ziwa haviwapi raha wale mbu wake.

Mwaka huu wifi yangu akashika mimba ya pili, na Mama akatangaza safari. Hakuomba ushauri wa mtu. Alianza kukausha sambaza za kupeleka, akanunua nguo za mtoto kule ng'ambo, Goma, na kila jirani aliyepita aliambiwa kwamba bibi iko anatakiwa Dar.

Sasa, ilitokea kwamba siku zizo hizo nilikuwa nimepewa semina ya kutafsiri, na semina yenyewe ilihusu dengi. Madereva wa malori na wafanyabiashara wa hapa wanakwenda Dar na Mombasa kila mara, na watu wa afya waliona ni vizuri waelezwe. Dokta aliyetakiwa kuzungumza, mwanamke mpole wa Kigali, alinitumia maelezo yake mapema nijiandae. Nikayasoma nikinywa chai. Nikafika mahali palipoandikwa kwamba mtu aliyewahi kuugua dengi, akiipata tena, mara ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza. Chai ikapoa.

Niliogopa, na sioni sababu ya kuficha. Baba hatunaye. Mama ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayenigombeza kwa jina la utoto. Jioni hiyo nilimweleza kwa utaratibu, halafu bila utaratibu, halafu kwa kupiga meza. Yeye alikuwa anachambua maharage. Akasema ameshaugua ile kitu, mwili yake inaijua, haiwezi kumufanya kitu tena. Nikamwambia ndiyo hatari yenyewe. Akaniuliza tangu lini kumjua mwizi kukawa hatari. Swali lilikuwa zuri, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

Nikaona dawa ni moja, ayasikie kutoka kwa dokta mwenyewe. Nikamwombea nafasi kwenye semina. Akaja amevaa kitenge cha kanisani, akaketi mstari wa mbele kati ya dereva mmoja mnene na mama muuza viazi wa Bugeshi, akaweka mkoba magotini, akatukazia macho dokta na mimi.

Dokta alianza vizuri. Alisema dengi si kirusi kimoja, ni ndugu wanne wanaofanana. Ukiugua kwa mmoja, mwili unamjua huyo kwa miaka na miaka, lakini wale watatu waliobaki unawajua nusunusu tu, na hiyo nusunusu ndiyo inayoleta balaa. Kuna kingamwili, vile vitu vidogo ambavyo mwili hutengeneza vimnase kirusi akiwa bado njiani, kwenye damu. Vikikutana na ndugu mwingine, vinaweza kumshika vibaya, kwa ncha ya shati, na badala ya kumzuia vikamsindikiza mpaka ndani. Nilimwona Mama anatikisa kichwa kukubali. Kumbe jibu la swali lake la mwizi ndilo hilo, na nililipeleka kwenye kipaza sauti kwa furaha yote.

Halafu dokta akasema immunité cellulaire, na mimi nikawa na nukta moja ya kuamua.

Dar ningesema kinga ya chembe hai na kila mtu angenielewa. Hapa ukisema chembe hai utaulizwa chembe ya nini. Neno ambalo watu wangelielewa upesi ni askari wa mwili, basirikare, lakini hilo nalo lina mambo yake. Kwa miaka mingi watu wa hapa wamelisikia kwenye habari za ukimwi: ukisema fulani basirikare yake imeshuka, umeshamaliza kila kitu, na hakuna atakayekaa kwa raha karibu na fulani. Ningesema askari, ukumbi mzima ungeamini kwamba dokta anaongelea ukimwi kwa mafumbo, na Mama angetoka pale akitazamwa. Kwa hiyo nikalikwepa. Nikasema kinga ya selile. Neno limetoka Kifaransa, kila mtu analijua, nikajipongeza kimoyomoyo kwa akili yangu.

Lilikuwa kweli kwamba kila mtu analijua. Kabla serikali haijaanza kusema akagari, ile ofisi ndogo kabisa ya utawala, ile inayojua nani amezaliwa, nani amehama na nani hakuja kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, iliitwa selile. Watu wa umri wa Mama hawajaacha kuiita hivyo. Mimi nilijua hilo kama ninavyojua jina langu, na sikulikumbuka.

Sasa jisomee mwenyewe nilivyotafsiri. Nilisema kwamba kirusi akishaingia ndani, kingamwili hazimwoni tena, na hapo ndipo kinga ya selile inapoanza kazi. Nilisema kwamba inapita mlango kwa mlango ikikagua. Kila nyumba hutundika nje kipande cha kilichomo ndani, na wakaguzi, wanaoitwa seli T, wakiona nje pametundikwa kipande cha kirusi, nyumba hiyo inavunjwa kabla kirusi hajazaana. Nilisema kwamba kinga ya selile ina kumbukumbu ndefu. Dereva mnene akainua mkono akauliza ni selile gani hiyo itakayovunjwa, maana yeye ana kiwanja. Watu wakacheka, nikacheka nao, nikadhani ni mtu wa mizaha.

Dokta naye hakuacha. Alieleza kwamba wataalamu bado wanabishana. Wengine waliogopa kwamba seli hizo zikiamka kwa hasira nyingi mara ya pili ndizo zinazochangia mishipa ya damu kuvuja. Lakini siku hizi wengi wanaona kwamba mara nyingi zinasaidia, kwa sababu zinasoma sehemu za ndani za kirusi, na sehemu za ndani ndugu wote wanne wanakaribia kufanana. Kuna chanjo moja ya mwanzo ambayo kwa nje ilikuwa na koti la dengi lakini kwa ndani ni kirusi cha chanjo ya homa ya manjano. Ilitengeneza kingamwili, ila seli T hazikupata somo la ndani ya dengi yenyewe, na inadhaniwa hiyo ni sababu mojawapo ya chanjo hiyo kuwasaidia waliowahi kuugua na kuwatia hatarini wale ambao hawajaugua. Tangu hapo, alisema, kwa kila chanjo mpya watu hawaulizi tena kuhusu kingamwili peke yake. Na mimi nikamalizia, kwa sauti nzito ya mtu anayejua, kwamba chanjo bila kinga ya selile ni kazi nusu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Nikamuuliza kama amesikia. Akasema amesikia yote, na kwamba leo ndiyo ameona faida ya kurudilia. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinisifu, kwa hiyo nililala usingizi mtamu.

Asubuhi yake simu ikalia. Alikuwa gitifu, yaani katibu mtendaji wa akagari letu, kijana mstaarabu sana, akaniita Madamu na kuniuliza kama ningeweza kufika ofisini kidogo, hakuna ubaya, ila mama yangu yuko pale na wameshindwa kuelewana. Nikapanda pikipiki nikiwa bado na dawa ya meno mdomoni.

Nilimkuta Mama amekaa kwenye benchi na mkoba wake magotini, na nyuma yake foleni ya watu waliokuwa wamesahau shida zao. Gitifu alinieleza polepole. Mama amekuja kuandikisha mtu katika selile. Mtu huyo ni mtoto. Wamemuuliza mtoto anakaa wapi, amesema Dar es Salaam. Wamemwambia mtoto anayekaa Dar es Salaam, aliyezaliwa Dar es Salaam, haandikishwi hapa. Amewaambia wasimfiche, kwani jana kwenye hoteli ameelezwa na dokta, mbele ya watu wote, kwamba kuna kinga ya selile, na aliyeeleza kwa Kiswahili ni binti yake wa kumzaa.

Foleni iliangua kicheko. Kuna mama aliyeshika ukuta. Na mimi, nina hasira za karibu, badala ya kucheka au kumshika mkono tukaondoka, nilianza kumfokea. Nilimwambia selile niliyosema ni ya mwilini, kwamba mwili wa mtu umejengwa kwa selile ndogo ndogo zisizoonekana, kwamba ofisi hii haina kinga yoyote isipokuwa ya mvua, na hata hiyo si sana. Gitifu alitazama bati juu. Mama alisimama, akaaga kila mtu kwenye foleni mmoja mmoja, mimi akaniruka.

Nyumbani aliniambia jambo moja tu, kwamba nimefanya batu bamucheke. Kisha akanyamaza. Ukimya wa Mama si wa kukaa bila kusema. Anapika, anafagia, anaimba nyimbo za kwaya, anaongea na kuku, ila wewe hupo. Na sambaza zikaendelea kukauka, na mfuko wa safari ukaendelea kujaa. Nikaona nimepoteza vyote viwili: ameshindwa kuelewa hatari, na sasa hata kumweleza siwezi.

Ili nipate wa kucheka naye, nilimpigia dokta nikamsimulia kisa cha gitifu. Alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza kwa nini mama yangu alitaka kuandikisha mtoto, asijiandikishe yeye. Nikasema yeye ameshaandikishwa, anaishi hapa. Akasema sawa, lakini kwa nini mtoto? Mtoto huyo aliwahi kuugua dengi?

Nikasema hapana. Halafu nikasimama na simu mkononi, maana sikuwa nimewahi kuuliza.

Mama alikuwa nyuma ya nyumba akigeuza samaki kwenye wavu. Nilikwenda nikachuchumaa karibu naye, nikageuza wa upande wangu. Sikuomba msamaha kwa maneno, kwetu si kawaida sana, ila nilichafua mikono. Nikamuuliza kama mwaka ule, kule Dar, mtoto naye aliugua.

Alimfukuza kuku aliyekaribia wavu.

"Sikuugua mi peke yangu," alisema. "Mi na mutoto, tuliugua juma moja. Yake ilikuwa kidogo, siku mbili tatu, akapona mi nikiwa bado kwa kitanda. Bakasema ni meno."

"Juu ya nini haukuniambia, Mama?"

"Ungepigia kaka yako makelele. Na mi ndiye nilikuwa nafungua madirisha."

Yeye akajipangusa mikono kwenye kitenge, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya benchi.

"Mi nilisikia ule dokta muzuri sana. Alisema mutu akiugua mara ya kwanza, ya pili inaweza kuwa mubaya. We ukanifikiria mi tu. Mi nikafikiria mutoto. Mama yake atakuwa amezaa, iko na kachanga kwa mukono, kaka yako iko kwa kazi. Nani atamuangalia? We unaogopa juu ya mama yako. Na mi naogopa juu ya mutoto ya mutoto yangu. Bon, sasa nani atabaki Gisenyi?"

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nilikuwa nimenyolewa. Hotuba nzima niliipitisha mdomoni mwangu, neno kwa neno, na mtu aliyeisikia ni yeye. Lile neno moja tu nililomharibia ndilo lililompeleka kwa gitifu, na hata huko alikwenda kutafutia kinga mtoto. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wanasema. Mimi sina mtoto, nina mama, na nilidhani hofu yangu ndiyo kubwa kuliko zote pale nyumbani.

Tulimpigia dokta pamoja, simu ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na safari hii nilitafsiri kama mtu anayebeba mayai. Mama aliuliza kwanza kuhusu zile selile za mwilini, kama mtoto anazo. Dokta akasema anazo, na kama kweli ile ilikuwa dengi huenda zinakumbuka, huenda zitamsaidia, ila hakuna anayeweza kumwahidi. Mama akauliza, kwa hiyo zinaweza kuja na zinaweza kukosa? Dokta akasema ndivyo. Mama akasema basi ni kama irondo, wale walinzi wetu wa usiku, na dokta, ambaye naye anakaa kwenye akagari la watu, alicheka mpaka akakohoa. Kuhusu chanjo alisema hapa kwetu haipo kwa sasa, na kwa mtoto wa umri ule waulizwe madaktari wa huko huko. Lakini yako mambo ambayo hayangoji chanjo: chandarua mchana mtoto anapolala, maji yasituame kwenye makopo na matairi, homa ikija apewe parasetamoli tu, si aspirini wala dawa nyingine za maumivu.

Kisha akasema jambo ambalo aliniomba nilitafsiri mara mbili. Hatari ya dengi haiji homa inapopanda. Inakuja homa inaposhuka, siku ile ambayo watu wa nyumbani wanapumua. Mtoto anaonekana amepata nafuu, kumbe ndani mishipa inaanza kuvuja. Tumbo likiuma, akitapika, akilegea, mikono ikiwa ya baridi, asisubiriwe hata kidogo. Mama alirudia baada yangu: tumbo, kutapika, kulegea, mikono ya baridi. Alirudia tena akipika. Alirudia usiku kwenye sala, kati ya jina la Baba na jina la mtoto, nikisikia kupitia ukuta.

Alipoondoka nilimsindikiza mpaka stendi. Hofu yangu haikuwa imepungua hata chembe, na yeye aliiona. Alinigombeza kwa kuvaa viatu vya wazi kwenye baridi, akaingia garini na sambaza zake, na abiria wa kiti cha karibu akafungua dirisha haraka.

Wifi yangu alijifungua salama, mtoto wa kiume. Mama alituma sauti kwenye simu kila siku, nyingi zikiwa za kulalamikia watu wa Dar wanaomcheka akisema mutoto, na mjukuu wake mkubwa ambaye ameanza kumrekebisha. Alisema amefunga chandarua mchana na mtoto anapiga kelele za joto, na majirani wanamwona kama mwendawazimu, na yeye anawaacha waone. Nikaanza kuzoea. Nikaanza hata kulala bila simu kichwani.

Kisha siku mbili zikapita bila sauti yoyote. Kaka yangu nilipompigia alisema mtoto mkubwa ana homa kidogo, lakini nisiwe na wasiwasi. Akaniambia hivyo mtu anayenijua tangu nizaliwe.

Mama alipiga mchana wa siku iliyofuata, nikiwa katikati ya semina ya ufugaji wa nyuki. Nilimwacha mgeni na sentensi yake mdomoni, nikatoka nje, nikaketi kwenye ngazi za hoteli. Sauti yake ilikuwa ya uchovu. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mutoto anakula, anataka chipsi mayai na anagomba na manesi. Nikamwambia aanze mwanzo.

Ilikuwa dengi. Homa ilikuwa kali, kisha asubuhi moja ikaisha, mtoto akawa wa baridi, ametulia. Wifi akamshukuru Mungu kwa sauti. Kaka akavaa aende kazini. Jirani akaleta uji. Mama akamshika mtoto mikono, akamwuliza tumbo, mtoto akajikunja akilishika. Wakamwambia amwache alale, amepona, mwili umepoa. Hospitali walimwekea dripu mara moja, na daktari wa pale aliuliza nani amemleta mapema hivi, maana wengi huletwa wamechelewa.

Nikamuuliza alijuaje kubishana na nyumba nzima.

"Homa ilishuka," alisema, "bote bakaanza kufurahi. Mi nikakataa kufurahi. Nikamubeba, tukaenda."